Bendera Iliyotangulia

"Kwangu inafanya kazi," Injinia Mkuu aliniambia, akinigeuzia skrini yake.

Ni kweli, kwake programu ile ya hospitali ilifanya kazi. Prosesa, ubongo wa kompyuta yake, ilikuwa ya zamani, yenye adabu, isiyopenda kuvuruga mpangilio wa amri. Zile za wodini zilikuwa za aina nyingine, rahisi na zenye haraka.

Wiki hiyo wifi yangu, muuguzi, alikuwa amesimamishwa kazi. Skrini ilimwonyesha jina la mgonjwa aliyekuwa mbele yake, na sukari iliyopanda sana. Akamchoma sindano ya insulini. Kumbe sukari ile ilikuwa ya mgonjwa aliyetangulia. Mama wa watu akazimia, wakamrudisha kwa shida, na wakubwa wakaamua kwamba muuguzi alisoma vibaya.

"Wifi," aliniuliza jikoni kwangu, "mimi niliyesoma miandiko ya madaktari miaka yote, leo nishindwe na namba ya skrini?" Alijaribu kucheka.

Mfumo ule ulitoka ofisini kwetu. Ndani yake, uzi mmoja, yaani mkondo mmoja wa kazi, uliandika jina, ukaandika sukari, kisha ukapandisha bendera: tayari. Uzi wa pili ulipoiona bendera, ulisoma na kuonyesha. Bendera ilikuwa atomiki, haigawanyiki: ama imepanda ama haijapanda. Lakini Injinia Mkuu aliuacha mpangilio wake legelege ili mfumo uwe mwepesi, na hivyo prosesa ikapata ruhusa ya kuionyesha bendera kabla sukari mpya haijaonekana. Ni sawa na kuita watu mezani wakati sufuria bado ina makombo ya jana.

"Ni atomiki," alisema. "Unataka nini tena, dada?"

"Haivunjiki, sawa. Ila nani kaiambia isubiri?"

Nikawasha mezani pake kompyuta iliyotoka wodini, nikaiacha irudierudie jaribio lilelile. Jina jipya, sukari ya zamani. Akatazama mpaka miwani ikamteleza puani.

"Rekebisha," akasema polepole. "Iende na toleo lijalo. Hospitali tusiwashtue."

"Na wifi yangu?"

"Si watampa onyo tu? Yataisha."

Kwetu husema hata hasira yangu huvua viatu mlangoni. Siku hiyo iliingia navyo. Marekebisho yalikuwa neno moja upande wa kuandika na jingine upande wa kusoma. Kwa neno lililokosekana mtu alikaribia kuzikwa, na kwa kimya cha Injinia Mkuu mwingine angezikwa hai.

Nikachomoa nyaya, nikaikumbatia ile kompyuta.

"Ukitoka na hiyo, usirudi."

"Haya," nikasema.

Hospitalini, muuguzi mkuu aliitazama ikikosea, bila kuketi. Wifi akarudishwa kazini. Walitangaza kwamba ilikuwa hitilafu ya mfumo, kana kwamba ni mvua imenyesha. Pole hakupewa na yeyote.

Miaka imepita, na yuko wodi ileile. Skrini ikimpa namba, humchoma mgonjwa kidole na kupima upya mwenyewe. Wenzake humtania kwamba ni mwoga. Yeye huandika namba aliyoipata, kisha huenda kitanda kinachofuata.