Fisi Maji na Hotipoti ya Clever

Bi Tatu wa Kerege alikuwa na jambo moja tu rohoni: watu waache kumwita Bi Tairi. Mwaka jana, siku ya kuhesabu wanyama na ndege pale bwawani, alipiga kelele kwamba ameona kiboko. Kamati nzima ya kuhesabu ikamfuata mbio, Mwalimu Gertruda mwenyekiti akiwa mbele, viatu mkononi. Kufika, wakakuta tairi la trekta limejilalia topeni. Tangu siku hiyo hata akienda gengeni kununua nyanya haitwi kwa jina lake. Mwanamke mzima, ana wajukuu, jamani!

Dawa ilikuwa moja. Getini pa hifadhi ya bwawa hilo pana ubao, na anayeona mnyama ambaye hajawahi kuandikwa katika daftari la bwawa huandikwa jina lake hapo kwa rangi nyeupe. Sharti awe na shahidi wa kutia sahihi. Sharti hilo lililetwa na lile tairi.

Basi Oktoba hii, mbayuwayu wameshafika kutoka Ulaya na vuli imeanza kudondoka, Bi Tatu akapangiwa zamu ya kuhesabu upande wa matete. Na akapangwa pamoja na nani? Na Clever! Clever ni Mnyamwezi aliyejenga Mapinga, Bi Tatu ni Mkwere, na hao ni watani tangu enzi za mababu. Mtani akikuchokoza, kununa huruhusiwi. Na jina la Bi Tairi, nani alilianzisha? Clever huyo huyo.

Clever alikabidhiwa pia chakula cha kamati, perege sita wa kukaanga ndani ya hotipoti. Mwalimu Gertruda aliwahesabu mbele ya watu, maana anawajua watu wake. Clever akaiweka hotipoti kivulini kwenye matete, eti isipigwe na jua. Kila baada ya kitambo akawa anakwenda kuiangalia, na kila akirudi midomo inang'aa. Bi Tatu aliona, akaendelea kuhesabu ndege.

Saa nne hivi, Bi Tatu akiwa amehesabu yangeyange wa thelathini na moja, maji yakatikisika. Kikachomoza kichwa bapa chenye sharubu, kisha mwili mrefu wa kahawia. Fisi maji! Akapanda ukingoni, akasukuma kwa vidole ule mfuniko ambao Clever hakuufunga vizuri, akachungulia ndani kama mama mkwe aliyekuja bila taarifa. Akala perege wa kwanza papo hapo. Akala wa pili, wa tatu, wa nne. Akajifuta sharubu kwenye nyasi, akarudi zake majini. Clever alisimama mdomo wazi, hata jiwe hakuokota.

Bi Tatu aliandika kila kitu daftarini kwa furaha. Akamsogezea Clever kalamu.

"Haya mtani, tia sahihi."

"Ya nini?"

"Ya fisi maji!"

Clever akajikuna kichwa, akatabasamu. "Fisi maji yupi? Mimi nimeona tairi, mtani. Dogo, la baiskeli."

Bi Tatu akambembeleza, akamsihi kwa jina la Mungu, akamtajia wajukuu wake mmoja mmoja. Wapi! Clever alicheka mpaka akakaa chini. Bi Tatu machozi yakamlenga, na kununa haruhusiwi.

Saa saba kamati ikakusanyika, matumbo yananguruma. Mwalimu Gertruda akaitikia shikamoo zote, akafunua hotipoti, akamtazama Clever. Kicheko kikamkauka Clever.

"Fisi maji kala, Mwalimu! Haki ya Mungu!"

"Fisi maji? Bwawa hili?"

"Muulize Bi Tatu!"

Wote wakageuka. Bi Tatu akajitengeneza kanga yake bila haraka.

"Fisi maji yupi, mtani? Si ulisema tairi la baiskeli?"

"Mtani, nakufa!"

"Usife. Daftari lile pale, nafasi ya shahidi nimekuachia."

Clever akalirukia daftari. Hakusoma hata mstari mmoja. Akaandika: *Yote yaliyoandikwa hapo juu nimeyaona kwa macho yangu, na ni kweli tupu.* Akatia jina, akatia sahihi, akaongeza na dole gumba.

Mwalimu Gertruda akavaa miwani, akasoma kwa sauti ile ile aliyosomeshea miaka thelathini. Saa, mahali, sharubu. Akafika mwisho: "Akala perege wanne, mmoja baada ya mwingine, hotipoti ikabaki tupu."

Akavua miwani.

"Clever. Mimi nilikupa sita."

Njia ya mwongo fupi, wazee walishasema. Clever alitazama daftari, akatazama dole gumba lake, na watu walicheka mpaka yangeyange wote wakaruka.

Siku hizi ukipita getini, juu kabisa ya ubao utasoma kwa rangi nyeupe: *Fisi maji mmoja, perege wanne. Aliyeona: Bi Tatu.* Na chini yake, kwa mkaa, Mkwere fulani kaongeza: *Clever mmoja, perege wawili. Aliyeona: Bi Tatu.* Clever anapita hapo kila siku, na kununa haruhusiwi.