Kidonge cha Mzee Ephantus

Jumamosi asubuhi, Kui alipobisha kwa Mzee Ephantus kule Mountain View, Njambi, mke wa mzee, alikuwa ameifunika sufuria ya uji kwa taulo ili inyamaze.

“Imeanza tukikunywa chai,” alisema. “Nimeigonga na mwiko, haisikii.”

Chini ya taulo, sufuria ilisema kwa utulivu: “Damu.”

Ilikuwa habari ya kidonge. Juzi yake, mzee alikuwa amejitolea kukimeza mbele ya Kui, mwanafunzi wa uhandisi aliyeisanifu antena yake: uzi wa shaba mwembamba kama unywele, uliozungushwa ndani ya ganda lisilozidi punje ya haragwe. Mwili wa binadamu huyanywa mawimbi ya redio, na mwaka mzima Kui alikuwa akiukunja na kuukunjua uzi ule, akitafuta umbo litakalopenya. Kidonge kilijua kutambua damu tumboni na kuitangaza kwa mawimbi hayo, lakini skrini ya Kui ilionyesha nguvu ya mawimbi peke yake. Hakuwahi kuuliza yalikuwa yamebeba nini.

“Hata geti ya majirani, kina Urvashi, inasema,” Njambi aliongeza. “Amekuja kuuliza kama tunaweza kupunguza sauti.”

“Si ungeniwekea ya kutangaza mpira,” mzee alisema, akijishika tumbo. Midomo yake ilikuwa imepauka.

Kui alimkimbiza hospitali. Huko, benchi la chuma walilokalia lilisema, “Damu.” Nesi aliinama akaliomba benchi lingoje zamu yake, kisha akampa mzee tarehe ya kuchunguzwa: mwezi wa tatu, mwakani.

Alasiri, Kui alikwenda chuoni, katikati ya jiji, kwa msimamizi wake, Daktari Lalit. Alimweleza kwamba lifti za Westlands zilikuwa zikisema, na watu wakishuka kwenye orofa zao kama kawaida. Mizani ya muuza nyanya pale Adams Arcade nayo ilikuwa ikisema.

“Adams Arcade? Kutoka Mountain View?” Daktari Lalit alisimama. “Hiyo sasa ndiyo antena, Kui!”

“Daktari, mzee anavuja damu. Wewe wanakujua pale hospitali. Wapigie tu simu.”

“Kibali chetu ni cha antena. Tukianza kusoma yaliyomo, wataniuliza nimekuwa daktari wa matumbo tangu lini.” Alisema hivyo kwa huzuni ya kweli, kisha akaomba ramani.

Kui alipiga simu mwenyewe, kila asubuhi. Kila hospitali ilimjibu kwa adabu kwamba habari hiyo ilikuwa nayo tayari. Makabati yake yalikuwa yameshaisema.

Kidonge hakikutoka. Mwezi uliofuata, chuo kilimtunuku Kui bamba la shaba kwa ajili ya umbali ule. Alipolipokea jukwaani, bamba lilisema, “Damu,” na ukumbi mzima ukapiga makofi.

Kui alilisogeza sikioni. Sauti ilikuwa imefifia kuliko ya asubuhi.

“Ni betri ya kidonge,” Daktari Lalit alimnong’oneza, akiendelea kupiga makofi.