Gonga Kwanza, Ndipo Useme

Chahinez alipoteza usikivu akiwa na miaka tisa, kwa homa ya uti wa mgongo iliyomlaza karibu majira yote ya baridi. Siku aliyofumbua macho, mji wa Konstantina, uliojengwa kingoni mwa korongo lenye kina, ulikuwa umefunikwa na theluji, naye akadhani ukimya ule unatokana na theluji. Akasubiri iyeyuke. Ikayeyuka, maji yakaporomoka korongoni hadi mtoni, kunguru wakarudi kuzunguka chini ya madaraja, lakini midomo ya mama yake iliendelea kufunguka na kufumbika bila kutoa neno.

Kusema hakusahau. Kusoma midomo alijifunza polepole. Mtu mmoja akikaa mbele yake penye mwanga, alimpata karibu neno kwa neno. Wakiwa wawili alipata nusu. Wakizidi hapo, alibaki kukisia. Ndiyo maana alipofika mwaka wa tatu chuoni, akisomea mipango miji, maneno "kazi ya kikundi" yalimfanya atazame mlango kila mwalimu alipoyaandika ubaoni.

Wenzake kikundini walikuwa watatu. Kulikuwa na Lotfi, mtu wa vichekesho. Sabrine, mpangaji wa kila kitu. Na Hichem, ambaye angeweza kumaliza wiki bila kutamka sentensi nzima. Hawakuwa watu wabaya. Walimwekea kiti, walimnunulia kahawa, kisha wakaanza kuzungumza wote kwa pamoja. Chahinez aligeuza kichwa kumfuata msemaji, na kila alipomfikia akakuta kinywa kimeshafumbwa. Wakicheka, naye alicheka, ila nyuma yao kidogo.

"Lotfi kasema nini?" aliuliza.

"Upuuzi wake tu, nitakwambia baadaye," Sabrine alijibu.

Hiyo baadaye haikuwahi kufika. Kikao kikiisha, Sabrine alimpiga begani kwa upendo. "Wewe tutengenezee jalada la ripoti, mpenzi. Unachora vizuri, mashallah."

Akatengeneza majalada, na yalikuwa mazuri kweli. Taratibu akazoea kuondoka bila kuinuka kitini. Wenzake wakibishana, yeye alitazama dirishani hadi nyumba za mji wa kale zikaanza kuelea, moja baada ya nyingine, nguo zikiwa bado zimeanikwa juu ya paa.

Siku moja aliona tangazo mlangoni mwa maktaba. Mtafiti mmoja alikuwa akiwatafuta wanafunzi wenye ulemavu wamweleze wanavyoishi ndani ya kazi za kikundi. Chahinez alimwandikia kwa simu, wakapanga kukutana kwenye benchi chini ya misonobari.

Alimkuta mwanamke mwenye miwani myeusi, fimbo nyeupe imelazwa magotini. Mwanamke yule aliposikia hatua zake alianza kuzungumza kwa uchangamfu, lakini uso wake aliuelekeza kwenye mti.

"Samahani," Chahinez akasema. "Mimi ni kiziwi, nasoma midomo. Na wewe unauambia mti. Naomba nikushike bega."

Akamshika, akamgeuza kwa upole hadi nyuso zikakutana. "Haya, sema tena."

"Nilisema naitwa Ghania, karibu," mwanamke akasema. "Na sasa naongeza: mimi sioni, wewe husikii. Utafiti wangu umeanza vizuri mno, dada yangu."

Wakacheka, wote wawili, wakati mmoja.

Ghania alimweleza kwamba anaweza kuacha akichoka, na kwamba jina lake halisi halitatajwa, kwa hiyo achague lingine. Chahinez akachagua Tassadit, jina la bibi yake mzaa baba, mwanamke aliyegombana na mtaa mzima hadi anazikwa. Kisha Ghania akamuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Ukiwa ndani ya kikundi, huwa uko wapi?"

"Niko ng'ambo ya korongo," Chahinez akasema. "Nawaona upande wa pili. Wanapunga mikono, wamewasha taa, wanakula. Daraja lipo. Lakini nikilikanyaga tu, wameshahamia daraja lingine."

Ghania hakusema pole. Alisema, "Endelea."

Wiki iliyofuata Ghania aliwakusanya washiriki wake katika chumba chenye meza ndefu ya mbao, ya zamani, nzito kama mlango wa ngome. Chahinez alikwenda kwa shingo upande. Walikuwa watano: Mourad wa kiti cha magurudumu, Nawel mwenye kigugumizi, kijana mwembamba mwenye kifafa, Ghania na yeye. Kikundi tena, aliwaza.

"Nina shida moja," Ghania akasema, uso wake ukiwa safari hii umeelekea vizuri. "Nataka kujua nani anasema, na amekaa wapi."

Mourad akagonga meza kwa kidole kilichokunjwa. "Basi mimi hapa. Mourad."

Chahinez alikuwa ameweka viganja mezani. Mtetemo ule ulimjia kupitia mbao, ukapanda hadi kwenye viwiko. Aligeuka, akakuta midomo ya Mourad ndiyo kwanza inafunguka.

Kisha Nawel akagonga, karibu zaidi, mkono wa kushoto, na Chahinez akamfikia kabla ya neno la kwanza. Neno lenyewe lilichelewa, lilikwama, likarudi, na hakuna aliyemmalizia. Alikuwa amegonga, zamu ilikuwa yake hadi aitue.

Mazungumzo yakaanza kupita mezani kama maji kwenye mfereji. Nje ukungu ulipanda kutoka korongoni, ukafuta madirisha, ukafuta mji na madaraja yake, ikabaki meza ile tu ikielea na watu watano pembeni yake. Chahinez aliona maneno yakimjia mikononi kwanza, machoni baadaye. Hakukisia. Kuna wakati alifumba macho, kwa raha tu, akasubiri mtetemo unaofuata, kama mtoto anayesubiri mama aje kumfunika shuka.

Kesho yake aliwaambia wenzake kwenye mkahawa wa chuo.

"Tugonge meza kabla ya kusema?" Lotfi akashangaa. "Tumekuwa polisi? Fungueni mlango!" Akaitwanga meza ya plastiki kwa ngumi zote mbili, kahawa ikamwagika mapajani mwake.

Chahinez akaangua kicheko, wa kwanza kabla ya wote. Hichem alimtazama, akachukua ramani zao, akaenda kuzitandaza kwenye meza ya mbao iliyokuwa kwenye ujia wa maktaba. Wakamfuata.

"Tutachelewa hivi," Sabrine akanung'unika, lakini akagonga.

Ndipo kwa mara ya kwanza Chahinez akaelewa kazi yao ilikuwa nini. Katika mpango wao walikuwa wanauondoa uwanja mdogo wa mji wa kale, pale wanawake wanapoanika ngano, ili magari yapate pa kuegeshwa. Akagonga kwa nguvu.

"Sikubali."

"Tulishaamua hilo zamani," Sabrine akasema.

"Nani aliamua?"

"Sisi. Na wewe ulikuwepo!"

"Nilikuwepo kama kiti kilivyokuwepo."

Sabrine akasahau kugonga, lakini Chahinez alikuwa tayari anamtazama. "Siku zote unatabasamu tu! Mimi ningejuaje?"

"Nilitabasamu kwa sababu sikujua mnasema nini!"

Sabrine akabeba mkoba wake, akaondoka. Chahinez akamwandikia Ghania, ambaye simu yake humsomea ujumbe kwa sauti: "Nimegombana na mtu kikundini."

"Pole, mpenzi. Uko sawa?"

"Niko sawa. Nilimpata kila neno."

Jibu lilikawia. "Naomba ruhusa niliandike hilo."

"Andika. Ila sema ni Tassadit."

Sabrine alirudi baada ya siku kadhaa, ameshika boksi la halua ya asali na lozi. "Bado naona umekosea," akasema, uso kwa uso, polepole. "Lakini kaa tugombane vizuri." Waligombana alasiri nzima. Nusu ya uwanja ikabaki, nusu ikaenda kwa magari, na hakuna aliyeridhika kabisa. Siku ya kuwasilisha, Chahinez ndiye aliyeeleza habari za uwanja, kwa sauti yake asiyoisikia. Mwalimu alibishana naye kuhusu njia za maji, naye akambishia.

Jioni wakaenda kula chapati za nyanya na pilipili kwenye kibanda kilicho ukingoni mwa korongo. Wote wakaongea kwa pamoja, vinywa vimejaa, hakuna aliyekumbuka kugonga chochote. Chahinez akapotezana na maneno. Alikuwa amechoka, akaacha yaende. Alitazama midomo yao iking'aa mafuta, na kunguru wakizama mmoja mmoja ndani ya kiza cha chini. Kisha Hichem akasogeza kiti, akakaa penye mwanga wa taa, akamgeukia. Alianza kumsimulia jambo refu, la utotoni mwake, ambalo inaonekana hakuwahi kumwambia mtu.