Mpini wa Kumshikia Mtu

"Usiniite dada! Niambie kwanza, mguu wa mume wangu wameujuaje?"

Fundi cherehani alikuwa amesimama mlangoni kwake, utepe wa kupimia shingoni. Wapangaji wengine walikuwa wameacha ndoo bombani wapate kusikia vizuri. Kasuku, kama walivyomwita kwa kazi yake ya kupigia simu watu asiowajua kutwa nzima, akiwauzia viatu vya sumaku, alikuwa hata mkoba hajautua.

"Simu zinapigwa ovyo tu, dada. Wanabahatisha."

"Wanabahatisha kidonda cha kisigino cha kushoto?"

"Na mimi," akadakia kinyozi, "jana wameniuliza kama mama mkwe bado anahamia kwangu. Jambo hilo nimelisema hapa bombani tu. Hata mke wangu hajui kama nimelisema!"

Macho yote yakamgeukia Kasuku. Namba za ofisini zilikuwa zimechujwa zikabaki makapi: watu wa matusi, na marehemu. Msimamizi akataka kila mmoja alete namba za watu wake, na kila namba na mpini wake, yaani pa kumshikia mtu asikatae: ugonjwa, mtoto, aibu. Asiye na mipini hana kazi. Na Kasuku alikuwa na mama wa kumlisha. Basi akakaa hapo bombani, akacheka na wenzake, akachota siri zao.

Simu ya fundi ikalia. Akaiweka spika.

"Shikamoo mama! Tumalizie ile habari ya mguu wa mzee."

Msimamizi mwenyewe.

"Marahaba, mwanangu." Hasira yote ilimshuka fundi kwa mazoea. "Sitaki, mwanangu, asante. Nyumbani hawajambo?"

Wapangaji wakaguna. Kasuku akatazama chini. Mpini huo aliutoa yeye: huyu mama hawezi kumkatia mtu simu kabla hawajaagana. Na msimamizi hakuwa mtu wa kuaga.

"Utalipa kidogo kidogo, mama. Mzee ateseke na dawa ipo? Tuseme ndiyo?"

"Sasa, mwanangu, labda..."

Kasuku akaipokonya simu. "Bosi, huyu hanunui. Viatu vile haviponyi kitu. Na wengine wote niliowaleta, waache."

"Kumbe wewe. Kesho usije."

Simu ikakatwa.

"Niliowaleta," fundi akarudia, polepole, kama anayeonja chakula kilichochacha.

Kinyozi alitema mate pembeni. Mmoja mmoja wakabeba ndoo zao, wakampitia Kasuku mbali kama anayeugua ukurutu. Akabaki peke yake uani, hajui atamwambia nini mama yake.

Fundi aliingia ndani, akatoka tena. Akamtazama juu mpaka chini, kama kitambaa cha muuzaji aliyewahi kumpunja.

"Mmekula?"

"Bado."

"Kamwite mama yako, mje mle."

Nyuma yake, kitandani, mumewe alivuta shuka akaufunika mguu. Fundi akamsogelea Kasuku, akashusha sauti:

"Ila leo humu ndani hatuzungumzi."