Nyekundu ya Tisini na Tisa

...na bado fundi Sabiri amekaa kwenye usukani, mguu mmoja ndani mguu mmoja nje, anakanyaga mafuta kama mtu anayekanyaga siafu, vuuum, anaachia, vuuum, anaachia, na kila injini ikinguruma anamtupia Zuwena jicho la pembeni aone kama atashtuka, hashtuki, ashtuke kwa lipi, yeye amekulia ndani ya lori la tumbaku, baba yake dereva, alizijua sauti za injini kabla hajaijua alifu, lakini nani anauliza, tangu wafike hapa kwenye uwanja wa magari wa Adinani hakuna aliyemwambia neno zaidi ya shikamoo mama, karibu mama, sogea kivulini mama, kisha ufunguo ukapita mbele ya pua yake ukaenda kwa Sabiri, ufunguo wa gari analonunua yeye, kwa asali yake yeye, ndoo kwa ndoo, na yeye kasimama na mkoba kwapani kama abiria anayengoja kuitwa. "Mama, tuandike ipi?" anauliza Adinani, kijana mpole, kalamu iko tayari, "hii nyekundu ya mwaka tisini na tisa au ile ya kijivu ya elfu mbili na mbili? Maana kuna mtu wa Igunga ananisumbua kwenye simu." Kuna mtu wa Igunga, siku zote kwa wauza magari kuna mtu wa Igunga, hafiki wala hanunui, kazi yake ni kupiga simu tu... Altezza mbili, ubavu kwa ubavu kama mtu na mdogo wake, umbo moja, na ndani hazifanani hata kidogo, nyekundu ni silinda nne, gia sita za mkono, katika zile za kwanza kwanza kutengenezwa, injini isiyoanza kuimba mpaka mshale wa mizunguko upite elfu sita, ya kijivu ni silinda sita, otomatiki, imetulia kama mke wa imamu, na haya yote Zuwena anayajua kama anavyoijua Alhamdu, hakuyasoma mahali, aliyasikia, ndoa nzima aliyasikia, Mfaume akirudi kutoka dukani akivua viatu, silinda nne Zuwena, akila, tisini na tisa Zuwena, hizo za baadaye ni za watu wa ofisini, akijifunika shuka, siku moja nitaishika ile, utaona... Hakuishika. Mwaka wa pili huu Mfaume yuko chini ya udongo, na ndiyo maana mkewe yuko hapa, ndivyo mji unavyosema, mjane wa Mfaume anakwenda kulinunua gari alilolitamani marehemu, mwanamke wa kweli yule, anamuenzi mumewe, na asubuhi hii mama mkwe, Bi Mwanajuma, alimshika mikono yote miwili akalia, nunua ile aliyoitaka mwanangu, roho yake itulie, na Zuwena akajibu ndiyo mama, na tangu alipoitamka hiyo ndiyo anaijutia, na kila Sabiri akikanyaga mafuta anazidi kuijutia, na yeye amesimama palepale, anatabasamu.

"Mtani!" Sabiri katoa kichwa dirishani, "chukua ya kijivu! Hii nyekundu itakurusha mpaka Tura, ushukie huko na kandambili moja!" na Adinani anacheka, anafunika mdomo kwa adabu lakini anacheka, na hapo ndipo Zuwena anapojichukia, Mnyamwezi gani mwenye akili timamu anamleta Mzaramo kumchagulia gari, mtani wa kabila zima, atajua vipi lini anasema kweli na lini anamtania, jana alisema chukua nyekundu, ufe upesi tugawane asali, leo anasema kijivu, kesho atasema nunua punda, na ni fundi kweli, hilo halina ubishi, mkono wake kwenye injini una baraka, shida ni mdomo, na utani ni mambo ya tangu mababu walipokuwa wakipita Uzaramo na mizigo vichwani kwenda pwani, wakagombana wakapatana mpaka wakaona heri kuchekana kuliko kuuana, na sheria ikabaki, mtani hakasirikiwi, ukikasirika unatozwa kuku, ukinuna unatozwa mbuzi, basi Zuwena leo anadaiwa zizi zima, maana amekasirika mpaka kwenye vidole vya miguu... na kwenye safari hizohizo hawakuwa wanaume peke yao, bibi mzaa bibi yake alitoka Unyanyembe mpaka baharini, mzigo kichwani, mtoto mgongoni, akaenda akarudi, na hakuna aliyemwambia keti, njia hii ya wanaume, njia ikawa ya wanaume ilipowekewa lami... Mzaha mzaha hutumbuka usaha, wahenga walisema, na usaha ulitumbuka siku ya mazishi, uani kwake, wanawake wamejaa mikekani, yeye kakaa ndani karibu na mlango, Sabiri akatokea amevaa kanzu ya marehemu na kofia ya marehemu, akakalia kinu kilicholazwa, akashika mfuniko wa sufuria akauzungusha kama usukani, akakohoa kile kikohozi cha Mfaume hasa, akasema kwa sauti ya Mfaume hasa, Zuwena, kaa upande wako, fungua dirisha ule upepo, usukani mwachie mwenyewe! na ua mzima ukalipuka, watu waliokuwa wakilia wakacheka huku wakijifuta kamasi, Bi Mwanajuma mwenyewe alicheka akashika mbavu, ndiyo kazi ya mtani, anamrudisha marehemu kidogo watu wapumue, na Zuwena naye akacheka, angefanyaje, akatoa noti akaibandika kwenye paji la uso la Sabiri kama ilivyo desturi, akajifunika uso kwa khanga, wakasema maskini, majonzi. Majonzi gani, ilikuwa hasira. Kumbe mji mzima ulikuwa unajua kwamba Mfaume haachii usukani, kumbe aibu aliyodhani ameifungia ndani na kuikalia, kila mtu alikuwa nayo kwake, na walikuwa wanaichekea tu.

"Nishuke, mtani, au niizungushe kidogo?" Zuwena anamjibu moyoni, izungushe, ishushe, ipandishe juu ya paa, fanya utakavyo, Sabiri, wewe hujui, na hilo ndilo linaloniua, hujui kwamba maneno uliyoyasema juu ya kinu yalikuwa yaleyale, kaa upande wako, Mfaume aliyasema siku yenyewe ya kufa kwake, kwenye pikapu, wakitoka Bukene na asali nyuma, jua la alasiri, jasho linamtoka kama maji, mkono wa kushoto ameuweka mapajani hauna kazi, na anasema gesi, gesi tu, yale maharage ya Bukene, na Zuwena anamwambia nipishe niendeshe, mume wangu, twende Nzega hospitali, na yeye, kaa upande wako, Zuwena akamwambia leseni ninayo, Mfaume, na yeye akacheka, rangi imeshamtoka usoni na bado akacheka, hiyo ni leseni ya kupambia mkoba, unataka watu waseme Mfaume anaendeshwa na mkewe... watu gani? Watu gani, Mfaume? Barabara nzima ilikuwa na mbuzi na mtu mmoja wa baiskeli! Akaomba, akabembeleza, akamshika bega, hata akanyamaza kwa makusudi, maana alijua ukimlazimisha ndiyo anakaza, alimjua, alikuwa anampangia namna ya kumwokoa bila kumvunjia heshima, na heshima hiyo ikawa inaendesha gari, ikaendesha, ikaendesha, mpaka pikapu ikaanza kupunguza mwendo yenyewe, ikatoka lami, ikaingia kwenye mahindi ya watu, ikashtuka mara moja, ikazimika. Sikio la kufa halisikii dawa, wakamwambia hivyo msibani, na wakamwambia kazi ya Mungu haina makosa, na wakamwambia hongera dada, ulikuwa naye mpaka mwisho, mke mwema, na yeye akaitikia, akaitikia, akaitikia, hakumwambia mtu, angemwambia nani, marehemu hasemwi, mtani hakasirikiwi, mama mkwe hajibiwi, sasa hasira zake azipeleke wapi, azifungie kwenye ndoo aziuze pamoja na asali? Miaka miwili watu wanamsifu kwa kukaa kiti cha pembeni akimtazama mtu anakufa kwa ubishi, na leo aje hapa, atoe chake, amnunulie mbishi huyo zawadi! Amuenzi! Aipeleke nyekundu nyumbani waipigie vigelegele, tisini na tisa, silinda nne, kama alivyotaka marehemu, aketi ndani yake kila siku, aionje ndoto ya mtu aliyeona bora afe kuliko kumpisha... la. La hasha. Kijivu. Elfu mbili na mbili, silinda sita, ya watu wa ofisini, iandike, Adinani, andika kijivu, hii nyekundu achukue huyo mtu wa Igunga, iozee huko Igunga, na Mfaume asikie huko aliko, na alie.

Na mdomo ameshaufungua, neno liko kwenye meno, Sabiri akakanyaga tena, safari hii akashikilia, sauti ikapanda, ikapanda, ikapita pale ilipokuwa ikikoma, ikawa nyembamba na kali na ikaanza, kweli, kuimba, na Zuwena akahisi mkono wake wa kushoto unatikisika chini ya mkoba, akautazama, ulikuwa umetoka gia ya pili, unakwenda ya tatu, peke yake, hewani, mkono wake mwenyewe unamjibu Sabiri kwa gia... usiangalie mshale, mwanangu, baba yake alikuwa akimwambia, kwenye lori, njia ya vumbi, miguu yake haijafika vizuri kwenye klachi, sikiliza, injini ikitaka gia itakwambia, na ilimwambia, siku zote ilimwambia, ilimwambia hata siku ile, na hili hatalisema mpaka aingie kaburini, kwamba yeye na yule mtu wa baiskeli walimvuta Mfaume, mzito, Mungu wangu alikuwa mzito, wakamsogeza kiti cha pembeni, na Zuwena akakaa kwenye usukani uliokuwa bado una joto na jasho la mumewe, akarudi kinyumenyume kutoka kwenye mahindi, akapanda lami, ya kwanza, ya pili, ya tatu, na gia ziliingia kama kisu kwenye nta, pikapu ile bovu aliyoambiwa kila siku kwamba ina kichaa, hataielewa, ilimtii, ikakimbia kama haijawahi kukimbia, akapita lori, akapita basi, honi moja tu, mikono imetulia, hakulia hata tone, na katikati ya hofu yote ile, astaghfirullah, alifurahi. Kidogo. Kama mtu aliyerudi kwao. Akasema kwa sauti, ona, Mfaume, ona mkeo anavyoendesha, fungua macho uone, akasema tena, ona, na Mfaume alikuwa ameegemea kioo, shavu limebonyea, na hakuona, alishakwenda, pengine tangu mahindini, na yeye akaendelea kumwonyesha mpaka Nzega.

Sabiri akaachia mafuta, pakawa kimya, na Zuwena bado amesimama na mkoba kwapani, Adinani na kalamu yake, kila kitu mahali pake... na anaitaka. Hii nyekundu. Anaitaka yeye, si kwa niaba ya mtu, lini ilianza hajui, labda zilikuwa ni zile hadithi za kila usiku, mwenye kuota alikuwa mmoja lakini waliokuwa wakisikiliza walikuwa wawili ndani ya chandarua, ndoto ikamgandia kama harufu ya moshi wa mizinga ya nyuki inavyoganda kwenye khanga, na Mfaume hakuwahi kuuliza, na wewe je, mke wangu, ungependa ipi, angemuuliza mara moja tu angeshangaa jibu. Basi ataichukua. Atasema nyekundu, tisini na tisa, silinda nne, na Sabiri atamtania mpaka Idi, na Bi Mwanajuma atalia kwa furaha, na mji utasema mnaona, kamuenzi, na hakuna hata mmoja atakayejua kwamba hakuna marehemu ndani ya gari lile, kiti cha pembeni kitupu, hawatajua, waache. "Mama?" anasema Adinani. Ngoja, kijana. Ngoja kidogo. Maana hasira haijaondoka, imegeuka tu upande mwingine, imekaa uso kwa uso na Mfaume, yeye na yeye tu, na inamwambia mjinga wewe, mjinga mkubwa wewe, ungenipisha, ungesogea kiti kimoja tu, ningekufikisha, jua likiwa bado juu wangekuwa wameshakulaza kitandani hospitalini, na leo usingekuwa wa kuenziwa, ungekuwa hapahapa, umemshika Sabiri shati mnagombana, mwaka gani, injini ipi, mimi nimepigwa na jua nimechoka nakulaani kimoyomoyo, na wewe hunisikilizi, mbishi, mdomo mrefu, unakera, uko hai.