Supu ya Mzazi

Bi Mwaija wa Kaole hakuwa mtu wa kuvunja amri ya mwamba, maana amri yenyewe aliitunga yeye. Ndiye aliyewakalisha wanawake wenzake akawaambia kuwa mwamba unaochokonolewa kila bamvua, maji yanapokupwa sana, hauwezi kuzaa. Tuufunge miezi mitatu, pweza wakue, kisha tuufungue siku moja, sote. Wenye midomo walimcheka. Mwamba ulipofunguliwa mara ya kwanza pweza walikuwa wa kubeba begani, na wale waliocheka ndio waliotangulia kufika. Tangu hapo akafanywa mkuu wa walinzi, na hakuchoka kurudia: "Ukimkuta jike kalalia mayai, mpite. Huyo hali, hatoki, kazi yake kuyapepea maji mpaka yaanguliwe, kisha anakufa. Ukimuua huyo umeua na watakaokuja."

Safari hii mwamba ukiwa umefungwa, binti yake Adila alijifungua, na maziwa hayakutoka. Mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka. Walimpa mzazi uji wa pilipili manga, wakamkanda kwa maji ya moto, wapi! Muuguzi wa zahanati alisema asikate tamaa, aendelee kumweka mtoto kifuani. Lakini kila jirani aliyeingia kutoa hongera alitoka na neno lilelile: mzazi apewe supu ya pweza. Sokoni walikuwepo wa barafu tu, na mama mkwe wa Adila alitamka waziwazi, mbele ya Bi Mwaija, kwamba pweza wa barafu si dawa.

Ijumaa ile zamu ya kulinda ilikuwa ya Bi Mwaija mwenyewe. Maji yalikuwa yamekupwa hasa, watu wako msikitini. Alichukua chuma chake cha kuchomea pweza, akajiambia anakwenda kutazama tu. Mtu mzima akianza kujidanganya, hahitaji msaada wa shetani.

Hakufika mbali. Kwenye tundu moja aliona mkono wa pweza, akachoma. Pweza mwingine angekimbia au angejibana ndani kabisa. Huyu alijitanua akauziba mlango wa tundu kwa mwili wake. Bi Mwaija alijua pale pale. Alijua kabla hajachoma mara ya pili, na mara ya pili alichoma. Alipomvuta, vishada vyeupe vilibaki vinaning'inia ndani, kama punje za mchele zilizotungwa kwenye uzi. Alivitazama, akaona haya, akaondoka haraka.

Na maziwa yakatoka. Ni kwa supu, au ni kwa kuwa siku yake ilikuwa imefika, Mungu ndiye ajuaye. Mtoto alinyonya mpaka akalala.

"Mama, umempata wapi mbichi namna hii?" Adila aliuliza.

"Kunywa, mwanangu."

Bi Mwaija alifurahi, na furaha hiyo ilimchoma vibaya. Usiku alipofumba macho aliona mwili ule umeziba mlango.

Zuleha, aliyepokea zamu, ndiye aliyelikuta tundu limebomolewa na mayai yametapakaa. Mji ulihitaji jina, ukalipata upesi: Najim, mvuvi kijana. Hakuonekana msikitini Ijumaa ile; alikuwa pwani anakwangua ngalawa yake. Najim alikana. Mzee Mwinyimvua, mwenyekiti wa kamati ya mwamba, akaamua kama walivyoamua wazee waliomtangulia: Najim ale kiapo cha msahafu mbele ya watu. Akikataa, siku ya kufungua mwamba haingii. Kuapa si mchezo. Wako wasio na kosa ambao mikono iliwaishia nguvu.

Baada ya alasiri watu walijaa barazani kwa Mzee Mwinyimvua. Najim alikuja ametawadha, kavaa kanzu, mama yake nyuma analia. Msahafu ulifunguliwa kitambaa. Kijana alinyoosha mkono.

"Mwacheni," alisema Bi Mwaija. "Ni mimi."

Watu waligeuka kumtazama.

"Kwa ajili ya Adila?" Zuleha aliuliza.

"Kwa ajili ya Adila. Alikuwa kwenye mayai, na nilimwona."

Basi hapo lilitokea jambo ambalo hakulitegemea. Watu walicheka, kicheko cha kushusha pumzi. "Bibi nawe! Si ungesema tu? Nani angemnyima mzazi?" Mzee Mwinyimvua akasema dharura haina amri.

"Niondoeni kwenye ulinzi," Bi Mwaija aliwasihi. "Nizuieni siku ya kufungua, kama mlivyotaka kumzuia huyu."

"Aa, wewe ni mama yetu," walimjibu.

Wakasoma fatiha, wakatawanyika. Hakuna aliyemtaka radhi Najim ila Bi Mwaija mwenyewe. "Nisamehe, mwanangu." Najim akajibu, "Yamekwisha, bibi," bila kumtazama. Bi Mwaija alirudi nyumbani na kosa lake zima, hakuna aliyempunguzia hata chembe.

Bamvua iliyofuata, mwamba ukiwa bado umefungwa, alikuwa ufukweni mapema kulinda. Zuleha alitokea na chuma mkononi. "Shikamoo, bibi. Wifi yangu kajifungua." Ilikuwa kweli. Akampisha, angemzuia kwa mdomo gani? Akaja mwingine, mke mwenzake ana mimba. Akaja mwingine, ana ndugu yake kule Dunda anakaribia kujifungua. Ungedhani Pwani nzima inajifungua juma moja.

"Walio kwenye mayai waacheni!" Bi Mwaija alipiga kelele.

"Kama wewe, bibi?" mmoja akamtania, na wenziwe wakacheka hadi maji yakawaruka. Hawakuwa na ubaya. Afadhali wangekuwa nao.

Mwisho akaja Najim, peke yake, chuma begani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Na wewe una mzazi?"

Najim hakucheka. Alitazama kule mwambani, wanawake wameinama huku na huku, kila mmoja na tundu lake.

"Sina, bibi. Lakini nikingoja siku ya kufungua, nitakuta nini?"

Bi Mwaija alitazama naye kule mwambani, yeye aliyeitunga amri ile. Kisha akasogea pembeni, akampisha apite.