Mdomo wa Sili

Gari la mkunga lilirudi gereji likivuja palepale tulipoliziba. Tone jeusi lilining'inia chini, injini inapokutana na gia boksi, likadondoka, na jingine likaanza kujikusanya. Mkunga mwenyewe hakugomba. Afadhali angegomba. Alimkabidhi kaka ufunguo akasema, "Fundi, njia ninazopita mimi, gari likizima hakuna wa kunisukuma ila mbuzi. Hebu nitazamie tena."

Kaka akacheka, akasema atalitazama. Mimi sikucheka. Gari lile linavuta kwa magurudumu yote manne, na gia boksi lake ni zito kama dhambi. Kuifikia sili ya nyuma ya injini unashusha gia boksi lote, unatoa klachi, unatoa flaiweli, lile gurudumu la chuma, na huko ndani kabisa ndiko unakoikuta: pete ya mpira inayoenea kiganjani. Kazi yote ile tulikuwa tumeshaifanya, na sasa tunairudia.

"Mgema akisifiwa tembo hulitia maji," nikamwambia tukiwa chalichali chini ya gari, migongo kwenye kadibodi.

"Tembo langu halina maji, mdogo wangu. Hizi sili za siku hizi ndizo hazina mpira."

Mtaa mzima unamwita Vidole. Ndiye aliyenifundisha kazi baba alipofariki, nami nilikuwa msichana mbishi nisiyetaka kushika hata spana. Alinifundisha kwamba ukishaipachika sili, chini kabisa macho hayafiki, kwa hiyo unapitisha kidole kuzunguka mdomo wake, ule ukingo laini unaoikumbatia krenki, mhimili mkuu wa injini. Ukiwa umejikunja mahali, hata padogo, oili itapita hapo. Yeye hufumba macho kabisa anapopitisha kidole. Nimeona mafundi wa magereji mengine wakija kumtazama tu.

Tulipoichomoa sili ya mwanzo niliigeuza kwenye mwanga. Mdomo ulikuwa umejikunja upande wa chini na kuchanika. Nikamwonyesha.

"Labda umejikunja sasa hivi tukiitoa," akasema.

Palipochanika palikuwa peusi kwa oili ya siku nyingi. Alipaona, nami niliona kwamba amepaona. Kaka alikuwa hajawahi kunidanganya kuhusu kazi, na iliniuma kuliko nilivyotaka kuonyesha.

Kwa hasira nilikuwa nimenunua sili mbili. Akaichukua moja, akaipaka oili, akaisukuma kwa viganja, akaigongagonga taratibu kwa nyundo ya mpira. Kisha akafumba macho, akapitisha kidole. Mimi nilikuwa nimejilaza upande wa pili na tochi, shingo imepinda, na kutoka pale nikauona mdomo umechomoza nje kwa chini, kama shati lililosahaulika nje ya suruali. Kidole chake kikafika pale, kikapita juu yake, kikaendelea na safari.

"Iko sawa," akasema.

Nikasubiri acheke. Hakucheka. Alikuwa anapangusa mikono, ameridhika.

Hapo ndipo nikakumbuka kandambili. Wifi, yaani mkewe, alishatusimulia kwamba mumewe siku hizi kandambili zinamvuka njiani bila kuhisi, anafika nyumbani mguu mmoja mtupu. Tulicheka siku ile hadi machozi. Tulijua ana sukari na kwamba imemtia ganzi miguuni. Sikujua kwamba ganzi imepanda hadi mikononi. Kaka hana shamba, hana duka, hana cheti. Ana vidole.

Watu husema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Aliyesema alikuwa anazungumzia koleo, si mkono wa mhunzi. Nililala pale chini nikaogopa namna ambayo sikuogopa hata siku tulipomzika baba.

"Nenda kale," nikamwambia. "Wifi ameshaleta chakula, na sukari haingojei flaiweli."

Alipoondoka niliing'oa sili yake kwa bisibisi, polepole nisiikwaruze krenki. Nikaweka ile nyingine. Nikafumba macho kama alivyonifundisha, nikapitisha kidole, na mdomo ulikuwa laini mzunguko mzima. Ile mbovu nikaitia mfukoni. Nilijiona mwizi.

Akarudi, tukafunga flaiweli, klachi, tukapandisha gia boksi. Kukaza bolti bado ana nguvu za kutosha.

"Mbona umenyamaza?" akauliza.

"Njaa."

"Si ungekula na mimi? Kiburi hakijazi tumbo."

Nikawasha gari, nikaliacha lingurume mpaka likapata moto. Alikuwa chini na tochi, anachungulia.

"Kavu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya zamani, ya kijana. "Kavu kabisa. Mwambie mkunga mbuzi wake watafute kazi nyingine."

"Hongera, fundi," nikasema. Nilisema hivyo huku nikijiuliza nitapita nyuma yake kwa magari mangapi, nikifungua alichofunga, hadi lini.

Mkono wake ukatokeza chini ya mlango. "Nipe mkono nitoke."

Nikachuchumaa, nikaushika kwa mikono yangu yote miwili. Ulikuwa na joto, umejaa oili. Sikumvuta. Nilitaka tu kuushika kwanza, nikaubana kwa nguvu.

Akangoja.

"Mdogo wangu, nipe mkono basi. Au nilale huku?"

"Nimekushika, kaka."

Tochi ikatulia. Kisha akajisukuma kwa visigino mpaka uso wake ukatoka kivulini, akautazama mkono wake ulivyo ndani ya mikono yangu. Aliutazama sana.

"Na sili?" akauliza.

"Nimeiweka mimi. Ulipokwenda kula."

Hakunigombeza. Alirudisha kichwa kwenye kadibodi, akafumba macho.

"Zima gari," akasema.

Ufunguo ulikuwa kule juu, ndani ya gari. Kuufikia ilibidi nimwachie, na kwa vile alikuwa amefumba macho asingejua.

"Nakuachia sasa, kaka," nikamwambia, nikasimama kwenda kuzima.